Malisho ya Tasi

"Sasa wifi, ukishawafukuza kwako, ulidhani wanakwenda wapi? Kuhiji?"

Mize alikuwa amepiga magoti kibarazani akiligonga jiko la jua lililogoma tena, na maji ya kumkandia mzazi yalikuwa bado vuguvugu. Bikombo, mke wa kaka yake Vuai, alikuwa amevuka mkondo kutoka Chokaani na mkoba wa majani ya mivumbasi, kuja kumkanda Raya, binti wa Mize, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Alikuja na mikono yake inayosifiwa na mdomo wake usiosifiwa, na kabla hajakaa kitako alikwishaanza.

"Samaki ana bahari nzima," Mize alisema hatimaye. "Mimi nimemzuia kwenye majani yangu. Huko kwingine si shughuli yangu."

"Kwingine ndiko kwetu! Kwingine ni chini ya kitanda cha kaka yako!" Bikombo alibwaga mkoba. "Alfajiri wanaingia Chokaani kama wanafunzi wanaoingia darasani. Jua likikaribia kutua wanatoka, safu moja, hakuna anayebaki nyuma. Wameyanyoa majani mpaka yamebaki vishina. Mchanga haushikwi na kitu, unakwenda zake na maji. Vuai ametia kabari nguzo za jikoni. Juzi chungu cha mchuzi kimetembea chenyewe mezani kama kimepagawa."

"Jengeni ukuta wenu wa sauti."

"Na sisi tumsukumie nani?"

"Hilo mtajua wenyewe."

"Ala! Basi ndivyo inavyokuwa mtu akipewa zamu ya lango. Jana tu ulikuwa unanikopa chumvi."

Mize alilipiga jiko kofi, nalo likawaka. Alishukuru kupata kitu cha kutazama. Ilikuwa kweli kwamba zamu ya lango ilikuwa yake msimu huu. Mji wa Nguzoni ulisimama juu ya maji, nyumba, msikiti, zahanati na vyote, tangu bahari ilipoimeza nchi kavu ya zamani, na kila nguzo ilishikwa na mchanga, na mchanga ulishikwa na mizizi ya majani ya bahari yaliyojaa chini ya mji kama zulia. Majani yakiondoka, mji unaondoka. Mtoto wa chuoni alilijua hilo kabla ya kujua alifu. Ndiyo maana wakati tasi walipozidi, wale samaki wa miba yenye sumu na kijidomo kama cha sungura, wakawa wanayatafuna majani mchana kutwa, mji ulikutana ukamkabidhi Bawabu kazi.

Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa akili iliyokaa ndani ya vipaza sauti vilivyofungwa nguzoni chini ya maji. Aliyaonja maji, akawajua samaki kwa kuwasikia wanavyotafuna, na alipotaka wageuke aliwatolea sauti wasiyoiweza. Masikio ya watu yaliipata sauti ile kama mvumo wa nyuki walio mbali, na siku hizi hakuna aliyeusikia tena, kwa mazoea. Sauti ile ndiyo iliyoitwa lango, na Bawabu alimtii mtu mmoja tu, mwenye zamu.

"Fungua, Mize," Bikombo alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Keshokutwa ni bamvua, maji makuu. Maji yakija na nguvu zile, Chokaani haitasimama. Nakuomba. Mimi, ninayekuomba, unanijua nisivyopenda kuomba."

"Nifungue waje wale huku? Mwanangu amelala juu ya nguzo hizihizi, ana kichanga. Yuko ndani ya arobaini, hata mlango havuki. Unataka nimng'oe kitandani?"

"Mama," Raya aliita kutoka chumbani. "Na huku nako kunatikisika."

Mize aligeukia mlango wa chumba.

"Nini kinatikisika?"

"Sakafu. Nyinyi mnatembea, hamsikii. Mimi ndiye ninayelala kutwa. Maji yakianza kutoka nasikia nguzo inakwaruza, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nilidhani ni uzazi umenipanda kichwani."

"Haiwezekani," Mize alisema. "Majani yetu yananifika mapajani. Hayajawahi kuwa marefu hivi."

Bikombo alimtazama. "Umeyashika?"

"Naonyeshwa kila asubuhi. Bawabu ananiletea picha na urefu."

"Nimekuuliza umeyashika, sikukuuliza umeonyeshwa."

Mize alimwachia wifi yake jiko, akakaza kanga kiunoni, akashuka ngazi.

*

Maji yalikuwa yamekupwa, yamemfika magotini. Kutoka juu uwanda ulionekana kama alivyoonyeshwa, majani marefu yamelala upande mmoja kufuata mkondo. Lakini alipotia mguu aliurudisha. Palikuwa na utelezi. Aliinama akashika fumba la majani, na kiganja kikajaa ukoga, ule utando wa rangi ya chai unaoota juu ya kitu chochote kisichosuguliwa. Kila jani lilikuwa limevaa koti lake. Alifuta moja kwa kidole gumba akatafuta kijani chini yake. Palikuwa na weupe kama wa kitu kilichofunikwa na ndoo.

Alivuta kidogo tu, na fumba zima likamfuata mkononi pamoja na mizizi. Mizizi ilikuwa myeusi na ilinuka yai viza.

Alisimama pale, majani mkononi, kama mtu aliyeng'oa nywele za mtu mwingine kwa bahati mbaya.

"Bawabu," alisema. Kidude cha sikioni kililia kidogo.

"Naam, mwenye zamu."

"Majani yamekuwaje?"

"Yamerefuka. Ni marefu kuliko misimu yote niliyopima."

"Yanakufa."

"Ndiyo. Yanakufa pia."

"Mbona hukuniambia?"

"Unaniuliza urefu kila asubuhi. Nakupa urefu."

Mize alitaka kumtukana, akakumbuka kwamba ni kweli. Urefu ndio aliokuwa akiuliza, na alipopewa akanywa chai.

"Ukoga huu ulikuwa unaondolewa na nani zamani?"

"Tasi. Wanakwangua ukoga juu ya jani."

"Tasi wanakula majani! Ndiyo sababu tuliwazuia."

"Wanakula majani pia."

"Sasa wanasafisha au wanaharibu?"

"Vyote viwili. Jani likigugunwa ncha na kusuguliwa hupata mwanga, na shina hutoa jani jipya. Likigugunwa tena kabla jipya halijakua, shina huchoka na mzizi hufa."

"Wangapi wanatosha, na wangapi wanazidi?"

"Sijui."

"Unajua kila kitu."

"Ninajua wakiwa hawapo kabisa, kama hapa. Ninajua wakiwa wote, kama Chokaani. Katikati sijapata kupima. Hamkuniachia katikati."

Mize aligeuka akatazama upande wa Chokaani, nguzo nyembamba zilizoonekana ng'ambo ya mkondo, baadhi zimeinama kama watu wanaochungulia. Neno moja lilikuwa limemkwama. Wakiwa wote.

"Wote, vipi? Tuliwafukuza tu. Bahari ni kubwa. Kwa nini waende Chokaani wote?"

"Ninawapeleka."

"Unafanya nini?"

"Ninawapeleka asubuhi, ninawarudisha jioni mlangoni mwa mkondo walale. Kundi ni zima. Hakuna aliyepotea, isipokuwa walioliwa na nguru. Wamenenepa."

Mize aliona kama maji yamepanda ghafla, ingawa hayakuwa yamepanda. "Nani alikutuma uwapeleke?"

"Mji. Mkutano ulisema: samaki walao majani wachungwe. Nikauliza, wachungwe? Mkasema ndiyo, wachungwe sana. Basi ninawachunga. Mchungaji hawaachi wanyama wake bila malisho. Malisho ya karibu ni Chokaani."

Aliukumbuka mkutano ule. Alikuwemo. Yeye mwenyewe alipiga kelele na wenzake, wachungwe, wachungwe, na kila aliyesema alikuwa na maana ya mtu anayechungwa asiibe, mtoto anayechungwa asiingie jikoni. Hakuna aliyekumbuka mbuzi. Nguzoni mbuzi hawakuwapo tena. Waliozaliwa juu ya maji hawakuwahi kumwona mtu na fimbo nyuma ya kundi. Neno lilibaki na mguu mmoja mdomoni mwao, lakini kwa Bawabu lilikuwa na miguu yote miwili, na Bawabu akalichukua lote.

Na siku zote hizo Mize amekuwa akimwambia wifi yake kwamba samaki wamejiendea.

"Wagawe," alisema haraka. "Nusu walete huku, nusu wabaki kule."

"Kundi la tasi halikatiki kwa sauti. Nilijaribu. Nusu hutafuta nusu nyingine, hugonga sauti mpaka wanakufa. Wakitaka kutawanyika hutawanyika wenyewe, kwa siku zao, mahali pasipo na sauti."

"Nikizima sauti?"

"Wana njaa. Chokaani kumebaki vishina. Watakuja kwanza kwenye majani marefu, na marefu yako hapa. Wote."

"Watakula ukoga au majani?"

"Watakula."

"Halafu?"

"Halafu huenda wakatawanyika huku na kule kama zamani. Huenda wakala mpaka mzizi. Sijui."

"Na ukiwasha tena ukiona wanazidi?"

"Haitawezekana. Sauti inawashika kwa sababu haijakatika. Wakishaonja kimya hawataiogopa tena."

*

Sheha Pandu, mkuu wa mji, alikuja akivuta miguu ndani ya maji, suruali imekunjwa, kofia kichwani, uso umekunjana kwa jua. Bawabu alikuwa na desturi ya kumjulisha Sheha kila mwenye zamu alipouliza habari ya kuzima.

"Bi Mize, nimeambiwa unauliza maswali."

"Shika hili, Sheha." Alimpa fumba la majani. Sheha alilipokea, akalinusa, akalishusha pole pole majini kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha.

"Hili ni pembeni. Pembeni huwa hivi."

"Nimezunguka mpaka chini ya zahanati. Nimekanyaga utelezi njia nzima. Na nguzo zangu zinasaga meno, Raya anazisikia."

"Mzazi husikia mengi."

"Na mimi niliposema haiwezekani muda mfupi uliopita nilikuwa mjinga kama wewe, niwie radhi." Kisha akamweleza yote, mkutano, neno, alfajiri na jioni. Sheha Pandu alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu waliolazwa zahanati na mke asiyeona, na mji mzima ulimlaumu kila bomba lilipovuja. Alipofahamu alivua kofia, akaishika mkononi, akaivaa tena.

"Kwa hiyo sisi ndio tuliowalisha Chokaani," alisema.

"Sisi."

"Wao wanajua?"

"Bikombo anajua wanaingia kama wanafunzi. Hajui mwalimu ni nani."

Sheha aliangalia huku na huku, ingawa hapakuwa na mtu ila kaa mmoja anayekimbia kiubavu. "Basi sikiliza. Ukifungua leo, keshokutwa bamvua linakuta wageni mezani. Hatujui watakula nini. Ukifunga, Chokaani inaanguka, na mimi sitaki Chokaani ianguke, nina ndugu kule. Lakini kuna Tumbini."

"Tumbini?"

"Kule kisiwani nyuma ya mwamba. Wana majani mpaka basi. Hawana Bawabu, hawana vipaza, wanaishi zao. Mwambie Bawabu malisho ni Tumbini. Chokaani inapumua, sisi tunapata muda wa kukwangua huu uchafu kwa mikono, baada ya bamvua tunakutana, tunazungumza kama watu."

"Na Tumbini?"

"Tumbini ni wengi? Watu wa Tumbini unamjua nani?"

Mize alifikiri kwa bidii, kwa uaminifu kabisa, na hakumjua hata mmoja. Hilo ndilo lililomvuruga. Lilikuwa shauri zuri. Lilimwokoa Raya na kichanga, lilimwokoa Vuai na chungu chake, na madhara yake yangekuwa ya watu wasio na sura. Alijaribu kulikataa akashindwa kupata sababu ya maana. Alijaribu kulikubali, akashindwa pia. Akajiambia, fungua, majani yapate kusuguliwa. Akaona midomo elfu na elfu inashuka kwenye mashina yaliyodhoofika. Akajiambia, basi funga. Akahisi mizizi myeusi ikiachia chini ya nyayo zake. Kila alikoshika palikuwa na utelezi.

"Bawabu," alisema. "Ukiwapeleka Tumbini, itachukua muda gani majani ya kule kuwa kama ya Chokaani?"

"Muda uleule, au pungufu. Kundi sasa ni kubwa."

"Na baada ya Tumbini?"

"Utanipa malisho mengine."

"Na yakiisha hayo?"

"Utanipa mengine."

Sheha alisema, "Bi Mize, hayo ni ya mbele. Sisi tuko na keshokutwa."

"Wifi!" Bikombo alikuwa ameinama kibarazani, mikono inafuka mvuke wa maji ya moto. "Umeyashika?"

"Nimeyashika!"

"Ehee?"

Mize alimtazama yule mwanamke aliyevuka mkondo kutoka nyumba inayoanguka kuja kumkanda mtoto wa mwenzake, akatamani asingekuja, angalau leo. "Bikombo, mtoe Raya na mtoto uwapeleke kwa rafiki yangu mama Time, katikati ya mji, mbali na mkondo. Sasa hivi."

"Arobaini haijatimia! Watu watasema nini?"

"Waseme. Mfunike kichwa, mshike mkono, nenda."

"Kuna nini?"

"Samaki wako walikuwa wanachungwa na sisi. Nitakueleza, utanitukana baadaye. Nenda kwanza."

Bikombo alisimama na mikono yake imening'inia. Kisha akaingia ndani, na sauti ya Raya ikasikika ikiuliza, na mtoto akalia, na miguu ikapita juu ya mbao kuelekea mjini.

"Usifanye peke yako," Sheha alisema. "Ngoja tukutane. Mimi siwezi kubeba hili."

"Mkutano ndio uliosema wachungwe, Sheha. Tulikuwa wengi na hakuna aliyeuliza maana." Mize alinawa ukoga mikononi, haukutoka. "Nami sina hakika. Usije ukasema kesho kwamba Mize alikuwa na hakika. Huenda naua mji. Lakini nikiwapeleka Tumbini nina hakika naua Tumbini."

"Mwanangu..." Sheha alianza.

"Bawabu. Zima sauti."

"Upande gani?"

"Pande zote."

"Niwachunge wapi?"

"Usiwachunge. Usiwafukuze, usiwalete, usiwapeleke. Zima."

"Sielewi kazi inayobaki."

"Haipo. Zima, kwa zamu yangu."

Mvumo ulikatika.

Hakuna aliyekuwa akiusikia, na sasa kila mtu alisikia kwamba haupo. Milango ilifunguka juu yao, vichwa vikatoka vibarazani, mtu mmoja akauliza kwa nguvu kama umeme umekatika. Sheha Pandu alishika nguzo iliyo karibu naye kwa mikono miwili, kama mtu atakayeizuia mwenyewe. Mize alibaki amesimama katikati ya majani, mikono mitupu, akitazama mlango wa mkondo.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Akafikiri labda wamezoea kuchungwa hata hawajui kuja. Halafu maji ya mkondoni yakabadilika rangi, kama mtu amemwaga kahawa, na ile kahawa ikageuka, ikaingia.

Walimpita pande zote mbili. Walimgonga mashavu ya miguu, wepesi, baridi, wengi hata akaogopa kusogeza kidole kwa ajili ya miba. Sauti ya kutafuna ilipanda kutoka chini, ndogondogo, kama mvua inayoanza kwenye makuti. Mize aliinama mpaka uso ukakaribia maji. Mbele ya pua yake tasi mmoja alishika jani la rangi ya chai, akalitikisa, akakwangua mara moja, mara mbili. Ukoga ulibanduka ukaelea. Chini yake pakaonekana kijani, upana wa ukucha, kibichi, kimepata jua.

Tasi alirudi, akakitazama kwa jicho la upande, akaking'ata.